Ajira za Muda (TASAF)

Ajira za Muda ni sehemu ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini nchini Tanzania inayowapa walengwa wenye uwezo wa kufanya kazi kibarua cha umma chenye ujira. Mpango huo huendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanzishwa mwaka 2000. Mpango wenyewe ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili mwaka 2020.

Mkutano wa kijiji hushiriki kutambua kaya maskini, na wananchi huibua miradi kama malambo, barabara za vijijini na upandaji miti. Kazi hupangwa nje ya msimu wa kilimo, ili mlengwa asiache shamba lake. Kaya hupata pia ruzuku, ambayo sehemu yake hutegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki.

Mpangilio huo wa kazi nje ya msimu wa kilimo unaendana na hali ya mkoa wa Singida, eneo la nusu ukame katikati ya nchi, lenye msimu mmoja wa mvua na wakulima wengi wa alizeti, mtama na uwele. Lambo lililochimbwa kwa ujira hubaki likihifadhi maji ya mifugo.

Ajira za Muda hutofautiana na mifumo inayowalinda walioajiriwa rasmi. Nchini Denmark, kwa mfano, urahisi wa kuajiri na kuachisha kazi huambatana na mafao ya ukosefu wa ajira. Ajira za Muda, kwa upande wake, huwalenga watu wasio na mwajiri rasmi, wengi wao wakiwa nje ya mifuko ya pensheni.