Sehemu ya kusikia hailali katika ubongo wa kiziwi

Ubongo wa binadamu una sehemu maalumu ya kupokea sauti, iliyo ubavuni mwa kichwa, karibu na sikio. Kwa aliyezaliwa kiziwi, sehemu hiyo haikai bure, bali hutwaliwa na kazi nyingine, hasa ya kuona.

Mwaka 2001, watafiti nchini Marekani waliwaonyesha viziwi nukta zinazosogea, wakagundua kuwa sehemu hiyo ilichangamka. Mnamo 2010, Stephen Lomber na wenzake nchini Kanada waliipoza kwa muda katika ubongo wa paka waliozaliwa viziwi. Paka hao, ambao awali walitambua vitu vya pembeni kuliko wenzao wanaosikia, wakapoteza ubora huo.

Hata hivyo, ubongo usiopata sauti mapema hupungukiwa na uwezo wa kuifasiri baadaye. Ndiyo maana kifaa cha kusikia kinachopandikizwa sikioni kwa upasuaji huwafaa zaidi watoto wasiozidi umri wa miaka mitatu na nusu.

Lugha ya ishara nayo haifai kucheleweshwa, kwani ubongo huishughulikia kama lugha kamili. Anayeathirika zaidi ni mtoto anayekulia bila lugha yoyote, iwe ya sauti au ya ishara.