Jinsi joto linavyoamua kiasi cha maji ndani ya jeli

MJI wa Garissa, ulio ukingoni mwa Mto Tana, hupata joto la adhuhuri linalozidi nyuzi 32 za Selsiasi katika sehemu kubwa ya mwaka. Kwa mpita njia, hiyo ni sababu tu ya kutafuta kivuli. Kwa wanakemia, nyuzi 32 ni mpaka ambapo jeli moja mashuhuri hutema maji iliyoyashika.

Jeli ni wavu wa molekuli ndefu zilizoungana kama minyororo, ziitwazo polima, ambazo zimefungwa pamoja kwa vifundo na kushika maji katikati. Bila vifundo hivyo hakuna jeli. Gundi ya mgunga wa aina ya Acacia senegal, inayokusanywa na wafugaji wa Garissa na Wajir, ni polima pia, lakini ukiitia majini huyeyuka yote kwa kuwa minyororo yake haikufungwa.

Halua iliyo katika maduka ya mji huo ni mfano ulio karibu zaidi. Wanga wa mahindi ukipashwa joto la takriban nyuzi 62 hadi 72 hunywa maji na kuvimba, na mwiko huanza kuwa mzito mkononi. Ikipoa, halua hushikamana, na jua la mchana haliiyeyushi upesi. Jeli ya gelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, ni kinyume chake: hulainika na kuyeyuka inapokaribia joto la mwili. Aiandaaye Garissa bila jokofu huenda akawapa wageni mchuzi mtamu.

Jeli ya nyuzi 32 hutengenezwa kwa polima iitwayo poli-N-isopropili-akrilamaidi, ambayo tabia yake ilielezwa na Heskins na Guillet mwaka wa 1968. Katika ubaridi, maji hujishikiza kwenye minyororo yake. Joto likipita mpaka huo, mshikamano huvunjika, minyororo hugandamana na maji husukumwa nje. Mwaka wa 1978, Toyoichi Tanaka wa chuo cha MIT nchini Marekani alionyesha kwamba jeli yaweza kunywea hivyo kwa ghafla, wala si kidogo kidogo.

Maji yakitoka, densiti ya jeli, yaani uzito wake kwa kila ujazo, hupanda. Tuseme gramu 1 ya polima yenye densiti ya 1.3 imeshika gramu 19 za maji: jeli nzima itakuwa na densiti ya 1.01, karibu sawa na maji yenyewe. Ikibakiwa na gramu 1 tu ya maji, densiti hufika 1.13. Ndiyo maana mtaalamu aweza kupima densiti na kukisia kiasi cha maji kilichosalia.

Je, haya yamhusu nini anayepanda miche katika nchi kame? Yamhusu sana, kwani chembe za polima za kuhifadhi maji udongoni huuzwa kwa wakulima, na ni haki ya mnunuzi kuuliza iwapo zitastahimili jua la kaskazini mashariki mwa Kenya.

Nyingi kati ya hizo ni za poliakrilati, ambazo hazina mpaka wa nyuzi 32. Joto la Garissa halitazinyausha kwa ghafla, ingawa huharakisha maji kugeuka mvuke, na kwa hiyo hufaa zifukiwe penye mizizi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, chumvi yastahili kuogopwa zaidi ya jua. Chembe zinywazo maji safi mara mamia ya uzito wake zaweza kushuka hadi makumi tu katika maji yenye chumvi nyingi, hasa ya kalisi na magnesi. Maji ya Tana, japo ni mekundu kwa udongo, yana chumvi kidogo. Maji ya visima virefu vya hifadhi ya Merti, inayopita chini ya ardhi hadi Dadaab, ni matamu katikati na ya chumvi pembezoni.

Mnunuzi aweza kujaribu mwenyewe. Atie gramu 1 ya chembe katika chupa ya maji ya mto, na gramu 1 katika chupa ya maji ya kisima chake, kisha azifunike. Baada ya saa chache achuje kwa kitambaa na kupima uzito. Kifuniko kisisahauliwe, la sivyo atakuwa anapima kazi ya jua.