Ramani na Majina ya Delta ya Rufiji

Sisi tufundishao Kiswahili Dzaleka na Lilongwe tuko mbali na bahari. Wengi wa wanafunzi wetu wa Dzaleka asili yao ni Kongo, Burundi na Rwanda, nao wakikutana na neno mkoko kitabuni hawana picha yake. Yafaa basi tuwaeleze habari za delta ya Rufiji.

Mto huo, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala wa Mafia, hugawanyika mikono mingi iliyozungukwa na msitu wa mikoko. Kuipima nchi kama hiyo ni taabu. Miti humzuia mpimaji kuona mbali, wala hakuna kilima cha kusimamia. Hana budi kupita kwa mashua akitia bildi, yaani timazi ya kupimia kina, huku maji yakipwa na kujaa.

Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walikuwa wameipima delta kwa meli yao ya upimaji, Möwe. Faida ya kazi hiyo ilionekana upesi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari yao, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha Rufiji. Waingereza waliigundua tarehe 30 Oktoba, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuifuata ndani. Iliwabidi walete Severn na Mersey, zisizohitaji maji ya kina, pamoja na ndege za kuelekeza mizinga. Königsberg iliangamia tarehe 11 Julai 1915.

Malawi nayo ina mfano wake. Agosti 1914 Rhoades, aliyekuwa amelipima Ziwa Nyasa, aliiongoza Gwendolen hadi Sphinxhaven, leo Liuli, akaishambulia Hermann von Wissmann. Ajuaye maji ndiye atanguliaye.

Lakini ni nani aliyeyajua maji ya Rufiji kwanza? Ramani zenyewe zatoa jibu: milango ya mto imeandikwa Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni. Mgeni alileta vipimo. Majina aliyakuta kwa wakataji boriti na wavuvi. Hao hutofautisha mkoko, mchu, mkandaa na mlilana, na hujua siku za bamvua bila kitabu.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tusiyaruke maneno haya kwa kuwa bahari iko mbali. Tuyafundishe pamoja na ramani ubaoni, ili mtoto wa Dzaleka naye ayarithi.