Falsafa ya ualimu na uongozi wa darasa (Bule, Ituri)

Falsafa ya ualimu ni msimamo wa mwalimu juu ya mtoto ni nani, elimu ni ya kazi gani, na utulivu wa darasa hutoka wapi. Huko Bule, katika teritwari ya Djugu, jimbo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali hilo la tatu ndilo zito kuliko yote.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wapiganaji wa kundi lenye silaha la CODECO walivamia kambi ya Plaine Savo, jirani na Bule, wakaua watu wapatao 60 waliokuwa wamekwisha kuyakimbia makwao. Juni 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala, katika eneo hilohilo. Waliouawa walizidi 40. Mtoto aliyeponea usiku wa namna hiyo anaweza kushtuka mlango ukibamizwa, kusinzia mchana, au kumpiga mwenzake kwa sababu ya chaki tu. Mwalimu asiyejua anakotoka ataona utovu wa adabu pale palipo na hofu.

Fimbo haiondoi hofu. Kinachoipunguza ni utaratibu ambao mtoto anaujua kabla haujafika: wimbo uleule asubuhi, kila mmoja kuitwa kwa jina lake, kanuni chache zilizokubaliwa na darasa zima, na mwalimu ambaye sauti yake haibadiliki ghafla. Shirika la misaada la IRC lilifundisha walimu wa mashariki ya Kongo njia inayofanana na hiyo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakaipima katika shule 63. Baada ya mwaka mmoja wanafunzi waliona shule na walimu wao wanawajali zaidi. Maendeleo katika kusoma na hesabu hayakuwa makubwa, na hilo lisifichwe: upole peke yake haumfundishi mtoto kugawanya.

Kuna pia suala la idadi ya wanafunzi. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, lakini utekelezaji ulisubiri hadi Septemba 2019. Kabla ya hapo wazazi walichangia mishahara ya walimu kwa fedha iliyojulikana kama prime. Ada ilipoondolewa, madarasa yalifurika, na kwingine shule zikagawa zamu ya asubuhi na ya mchana. Katika umati huo, kugawa watoto kwa vikundi vyenye viongozi wanaobadilishana humpa mwalimu macho mengine.

Julius Nyerere wa Tanzania, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alilaumu shule inayomtenga mtoto na jamii yake. Kwa eneo la wafugaji na wakulima kama Djugu, lawama hiyo ingali na uzito: hesabu ya ng'ombe na magunia ya maharage mtoto anakuja nayo kutoka nyumbani.

Vivyo hivyo lugha. Sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, au kwa lugha za mahali. Na huko Bule kuna jambo ambalo kila mwalimu mgeni anapaswa kulijua mapema: jamii ya Wahema wa kaskazini, waitwao pia Wagegere, huzungumza Kilendu, lugha ileile ya majirani zao Walendu.