Mkenya anayezuru Tanzania asisahau cheti cha chanjo

Mkenya anayeazimia kuzuru Serengeti, Ngorongoro au Mlima Kilimanjaro hahitaji viza, kwani Kenya na Tanzania ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, sharti awe na hati halali ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa, ambacho kinakubaliwa Uganda na Rwanda tangu 2014, hakimtoshi mtalii mpakani Namanga.

Sharti jingine ni cheti cha chanjo dhidi ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya mataifa yenye hatari ya ugonjwa huo unaoenezwa na mbu. Mnamo Machi 2022, mkurupuko wake ulitangazwa katika Kaunti ya Isiolo.

Chanjo hiyo itolewe siku 10 au zaidi kabla ya safari, kwa kuwa cheti hakitambuliwi kabla ya muda huo kutimia. Tangu Julai 2016, cheti kimoja hudumu maisha yote, hivyo aliyechanjwa zamani hana haja ya kuchanjwa upya.

Chini ya kanuni za afya za kimataifa, msafiri asiye na cheti anaweza kuzuiliwa kwa siku sita. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wamwone daktari kwanza.