Mtu wa kisiwani na mtu wa Hagadera: sera ya vifurushi ya Debian

Wasomaji wangu, leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Leo ni historia kidogo. Nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoandika programu huliona kama makaratasi ya ofisini tu: sera ya vifurushi. Nitaitazama kutoka Hagadera, kaunti ya Garissa, kwa sababu naamini huko maana yake inaonekana wazi kuliko kwenye ofisi ya Nairobi yenye faiba.

Kwanza tuelewane. Kifurushi ninachosema hapa si bando la simu. Ni faili moja lililobeba programu pamoja na maelezo yake: inaitwaje, ni toleo gani, inahitaji programu zipi nyingine ili ifanye kazi. Mfumo kama Debian ni maelfu ya vifurushi vya namna hiyo. Toleo la 12 lilikuwa na zaidi ya 64,000.

Sera ilitoka wapi?

Tarehe 16 Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alitangaza kwamba anaanzisha Debian, mfumo utakaojengwa na watu wengi kwa uwazi. Shida ikaja hapo hapo. Watu wa nchi mbalimbali, wasiowahi kuonana, hawana bosi wala mshahara. Huyu anaweka mipangilio ya programu yake hapa, yule anaiweka kule. Kifurushi cha mmoja kinavuruga kazi ya mwingine.

Dawa ilikuwa kukubaliana kwa maandishi. Mwongozo wa sera una majina ya Ian Jackson na Christian Schwarz, kwa kazi yao ya kati ya 1996 na 1998. Unasema, kwa mfano, mipangilio ikae ndani ya /etc, na kifurushi kikipandishwa toleo kisifute mabadiliko aliyoyafanya mwenye kompyuta. Pia unatenganisha maneno: kuna "lazima", kuna "inafaa", kuna "inaweza". Ukivunja "lazima", kifurushi chako kinahesabiwa kuwa na hitilafu nzito na kinaweza kuachwa nje ya toleo.

Julai 1997, chini ya uongozi wa Bruce Perens, Debian ikapitisha Mkataba wa Kijamii pamoja na vigezo vya programu huria. Ghala limegawanywa: *main* kwa vilivyo huria, *non-free* kwa visivyo huria, na *contrib* kwa vilivyo huria lakini vinavyotegemea visivyo huria. Sheria moja hapo naomba uishike: kifurushi kilichomo *main* lazima kisitegemee kitu chochote kilicho nje ya *main*, iwe ni kukijenga au kukiendesha. Tena wakati wa kukijenga, hairuhusiwi kwenda kuchota kitu kwenye mtandao.

Jaribio la kisiwa

Wanadebian wanapobishana kuhusu leseni, wana jaribio lao maarufu. Halimo kwenye mwongozo wenyewe, limetokana na mijadala. Chukua mtu aliyekwama kisiwani na kompyuta inayotumia umeme wa jua. Je, anaweza kuibadilisha programu na kumgawia mwenzake hapo kisiwani bila kuvunja leseni? Kama leseni inamlazimisha kutuma mabadiliko kwa mwandishi wa kwanza, hawezi, maana hana njia ya kuyatuma. Basi hiyo si programu huria.

Wengi hulicheka jaribio hili. Nani anakwama kisiwani na kompyuta?

Sasa njoo Hagadera. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992, moja ya tatu za kwanza za Dadaab pamoja na Ifo na Dagahaley. Zote tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka wa ukame, 2011, kambi za Dadaab zilikuwa na zaidi ya 400,000. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Umeme wa sokoni ulitoka kwenye jenereta za wafanyabiashara. Bahari haipo, lakini kisiwa kipo.

Mtandao nao ulichelewa. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti. Mashirika ya misaada ya Dadaab yalipata mtandao wa maana karibu na mwaka 2012, kwa kazi ya NetHope, Inveneo na Cisco. Mwaka 2013 wakfu wa Vodafone pamoja na UNHCR wakaanza kupeleka madarasa ya kidijitali. Kwa hiyo sisemi Hagadera haina mtandao. Nasema kila megabaiti ina bei, na anayeinunua ni mtu asiye na mshahara.

Kwa mtu huyo, ile sheria ya *main* ni mali. Nakili ghala la Debian kwenye diski ya nje, lipande basi la Garissa, na likifika limefika kamili. Hakuna kifurushi kitakachosema katikati ya kazi, "subiri, nahitaji kitu kutoka seva ya mbali." Na jirani akitaka nakala, mpe, ni haki yake.

Sisi tumefanya nini?

Linganisha na mazoea yetu ya leo. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake kinachoitwa left-pad kwenye ghala la npm. Kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo. Miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo, maana ilizoea kuchota kila kitu kutoka nje kila mara. Aliye na faiba alikasirika kwa saa chache. Aliye kisiwani ana left-pad yake kila siku.

Lakini tusiisifu Debian kupita kiasi. Kwa miaka mingi diski rasmi haikubeba fimuwea zisizo huria, zile programu ndogo zinazowasha vifaa kama kadi za Wi-Fi. Ukimaliza kusanidi, Wi-Fi haiwaki. Fimuwea iko mtandaoni. Kufika mtandaoni unahitaji Wi-Fi! Sera iliyolinda uhuru ilimfungia nje mtu yule yule wa kisiwani. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura wakaurekebisha Mkataba, na kuanzia Debian 12, Juni 2023, diski rasmi inabeba fimuwea hizo. Kwa maoni yangu walifanya vyema. Mkataba wenyewe unataja watumiaji na programu huria kwa pamoja kama kipaumbele.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, kabla ya kutoa toleo lako lijalo jiulize:

1. Programu yangu inajengeka mtandao ukizimwa?
2. Ikipandishwa toleo, inaheshimu mipangilio ya mwenye kompyuta?
3. Mtu anaweza kumpa jirani yake nakala bila kuniomba ruhusa?

Ukijibu ndiyo mara tatu, kazi yako itafika Hagadera hata kwa basi. Ukijibu hapana, basi ujue umeiandikia ofisi yako tu.