Mjadala wa tabaka, dola na ubeberu (Dar es Salaam)

Mabishano makali ya wanazuoni wa Kimarx katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, miaka ya 1970. Waliulizana: nchi ikishapata uhuru huku uchumi wake ungali mikononi mwa makampuni ya nje, nani hasa ameshika dola?

Usuli

Wote walianzia kwa Lenin, aliyeandika mwaka 1916 juu ya ubeberu kuwa hatua ya ubepari ambapo benki na viwanda vimeungana na mtaji unatafuta faida ng'ambo.

Hoja ya Shivji

Issa Shivji alitoa makala yake ya kwanza juu ya suala hili mwaka 1970 katika Cheche, jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka huohuo. Kitabu chake, Class Struggles in Tanzania, kilifuata mwaka 1976. Kwa maoni yake, benki na makampuni makubwa yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha (1967), wakuu wa serikali na mashirika ya umma walijipatia msingi wa kiuchumi. Wakageuka mabwanyenye warasimu: wanatamka ujamaa jukwaani, kisha wanasaini mikataba ya uendeshaji na makampuni yaleyale ya kigeni. Ushahidi wake wenye nguvu zaidi watoka viwandani. Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi, na wafanyakazi wakaushika kama silaha. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda wakaendesha uzalishaji wenyewe. Baadaye dola iliyojiita ya wafanyakazi na wakulima ilikandamiza harakati za namna hiyo.

Hoja ya Nabudere

Mganda Dani Nabudere alimpinga Shivji, na mwaka 1977 alitoa kitabu kuhusu uchumi wa kisiasa wa ubeberu. Kwa maoni yake, tabaka tawala ni mtaji wa fedha wa kimataifa. Viongozi wa ndani ya nchi ni mabwanyenye uchwara tu, hivyo adui mkuu yuko nje. Mganda mwenzake Yash Tandon alimuunga mkono; Mahmood Mamdani, naye Mganda, akampinga. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kwa Waganda waliokuwa uhamishoni, waliotakiwa kuamua waungane na nani dhidi ya utawala wa Idi Amin. Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, Nabudere aliingia serikalini Kampala.

Machapisho

Tandon alikusanya makala za mjadala huo katika kitabu cha 1982, kwa utangulizi wa mwanamapinduzi wa Zanzibar A. M. Babu. Karibu zote ni za Kiingereza.